Ukuta uliomeza maji mafupi: kisa cha ufuko mmoja Mikindani

Ukuta wa bahari haumuui samaki hata mmoja siku unapojengwa. Hakuna mizoga inayoelea, hakuna harufu, hakuna mafuta juu ya maji. Ndiyo maana ukuta mmoja wa Ghuba ya Mikindani ulikaa muda mrefu kabla mtu yeyote hajaona kwamba kuna jambo la kujadili. Mwenye kiwanja alikuwa na sababu ya kuiogopa bahari. Fundi alifanya kazi safi. Waliokuja kukagua waliona mchanga mpana mbele ya ukuta, wakaondoka wameridhika. Waliopoteza walikuwa samaki wa urefu wa kidole na kina mama wanaotanda uduvi, vile vikamba vidogo, kwa shuka, na sauti za hao hazifiki mbali.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu hakitakuwa cha mwisho. Viwanja vya ufukweni vinapendwa, dhoruba zinatisha, na kila anayejenga karibu na maji huja siku akafikiria zege. Sitamtaja mwenye kiwanja wala mtaa wenyewe. Kinachohitaji kueleweka ni jinsi ukuta ule ulivyofanya kazi, na kosa lilivyopita machoni pa watu wenye akili zao timamu.

Mahali penyewe

Mikindani ni mji mkongwe, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini, ndani ya ghuba iliyojikunja na kukingwa na mawimbi makubwa ya bahari kuu. Ufuko ninaouzungumzia una kijito cha mikoko upande mmoja, na upande wa pili mchanga wazi ambako mitumbwi hupandishwa. Katikati, mbele ya viwanja, zamani palisimama mililana. Mlilana ndio mti unaotangulia baharini kuliko mikoko mingine yote, na mizizi yake ya kupumulia huchomoza kwenye tope kama vigingi. Mbele zaidi, mahali ambapo pwani huachwa wazi wakati wa bamvua tu, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, kuna majani ya bahari.

Mpangilio huo wa mikoko, mchanga, kisha majani, ni nyumba ya samaki wachanga. Chaa wadogo wapo, mkizi, tasi, changu, kelea, na chewa wachache wanaojificha kwenye vivuli. Wengi wao wakikua huhamia kwenye matumbawe nje, na huko ndiko wavuvi wa mishipi na madema huwakuta. Watafiti wa nchi hii wamelifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi. Blandina Lugendo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichunguza matumbo ya samaki wachanga wa Ghuba ya Chwaka, Unguja, wakafuatilia chakula chao kinatoka wapi: mikokoni, kwenye mchanga na tope, au kwenye majani ya bahari. Ishmael Kimirei naye, pamoja na wenzake, alitumia kemia ya vijiwe vilivyomo masikioni mwa samaki kuonyesha kwamba sehemu ya kelea na changu wanaovuliwa kwenye matumbawe walilelewa kwanza kwenye mikoko na majani. Kwa mvuvi hii si habari ngeni, ila inasaidia mezani pale mtu anapouliza ushahidi.

La kushika hapa ni kwamba samaki mchanga hakai mahali pamoja. Maji yakijaa anapanda nayo, yakipwa anashuka nayo. Kwake nyumba ni ule ukingo wa maji wenyewe, popote ulipo saa hiyo.

Jinsi ukuta ulivyokuja

Hofu haikuwa ya kubuni. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilikuwa kinaelekea upande wetu, na watu wa Mtwara walipewa tahadhari kabla hakijatua ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Na wazee wa Lindi wana habari za kimbunga cha Aprili 1952. Mtu aliyeweka akiba zake zote kwenye nyumba iliyo karibu na maji ana haki ya kukosa usingizi.

Lakini mmomonyoko wa kiwanja kile haukuletwa na kimbunga. Mililana ilikatwa kwanza, ili bahari ionekane vizuri kutoka barazani. Mchanga ulichotwa kwa ajili ya ujenzi, kidogo kidogo, na watu zaidi ya mmoja. Mizizi ilipooza, tope iliyokuwa imeshikwa ikaondoka, na misimu miwili mitatu ya upepo ikaanza kula ukingo. Hapo ndipo ukuta ulipoitwa. Nalisema hili bila kumshambulia mtu, maana bila kulisema hatuwezi kujua ukuta ulikuwa unatibu ugonjwa gani.

Ulijengwa kwa mawe na zege, wima, wenye urefu wa hatua mia na kitu. Haukujengwa pale ukingo ulipokuwa umefika. Ulisogezwa mbele, baharini, ili kiwanja kirudishe eneo kilichopoteza na kuongeza kidogo juu yake, kisha nyuma yake pakajazwa kifusi. Uamuzi huo wa kusogeza mbele ndio mzizi wa kisa kizima. Zege yenyewe, urefu wa ukuta na sura yake vyote vinakuja baada ya hapo.

Kosa la saa nne asubuhi

Pwani yetu ina maji makubwa. Siku za bamvua Mtwara, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu. Na bamvua ya huku ina saa zake: maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Kila anayeishi pwani anajua.

Sasa fikiria ofisi inafunguliwa saa ngapi. Mtu anatoka mjini asubuhi, anafika Mikindani saa nne. Kama ni bamvua, anakuta pwani imeachwa wazi hadi mbali, watoto wanaokota kome, na ukuta umesimama juu mkavu kabisa. Anapima, anapiga picha, anaandika kwamba ufuko mpana umebaki mbele ya ukuta. Kila alichoandika ni kweli. Kama amekuja siku za maji mafu, ambapo maji hayapandi sana wala hayashuki sana, basi hata maji yakijaa hayafiki mguu wa ukuta, na picha yake inaonyesha vilevile. Samaki anayetafutwa hapo hula wakati mkaguzi ameshapanda gari kurudi mjini.

Tuhesabu pamoja, kwa sababu hesabu ndiyo iliyonifanya mimi mwenyewe nione uzito wa jambo. Chukua ufuko unaoshuka mita moja kwa kila mita kumi, na ukuta uliojengwa mita nane mbele ya mstari ambao maji ya bamvua hufika. Mguu wa ukuta huo utakuwa sentimita 80 chini ya maji ya bamvua yakijaa kabisa. Maji nayo hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni ya kugawa mafungu kumi na mbili: saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu na ya nne matatu matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa maji ya mita 3.3, fungu moja ni kama sentimita 27. Kwa hiyo saa mbili za mwisho hupanda sentimita 80 na ushei, na saa mbili za kwanza za kupwa hushuka kiasi hichohicho.

Maana yake, ukuta huo unaguswa na maji kwa saa nne katika kila mzunguko wa saa kumi na mbili. Na kwa karibu saa tatu kati ya hizo, maji yaliyoko mguuni pake yamepita sentimita 30.

Sentimita 30 nimezichagua kwa makusudi. Kwenye ufuko ulioachwa na mteremko wake, daima kuna utepe wa maji yasiyozidi kina hicho, upana wa mita tatu hivi, unaopanda na kushuka pamoja na maji. Samaki wa urefu wa kidole anaingia humo akiwa na nafasi ya kutosha. Kolekole mkubwa anayemwinda haingii, mzia haingii, na akijaribu anabaki mgongo nje. Mbele ya ukuta wima utepe huo haupo. Maji yanaanza moja kwa moja kwenye kina cha goti, kisha paja. Na utepe unapotea saa zilezile ambazo mstari wa maji, kwa kanuni ile ya mafungu, hukaa mahali pamoja muda mrefu kuliko kawaida. Pale juu, maji yanapokaribia kujaa, ndipo samaki mchanga hupata muda wa kutulia na kula bila kukimbizana na mkondo. Ukuta ulisimama juu ya meza hiyo.

Kinachoonekana ukisimama pale

Atakayetaka kuthibitisha aende alasiri ya bamvua, maji yakiwa yamebakisha kidogo kujaa, asimame kwanza kwenye mchanga wazi ulio karibu na mitumbwi. Avue viatu, aingie hadi kifundo cha mguu, atulie asitikise maji. Mkizi wadogo watakuja. Wanaenda kwa kundi, pua zimeinama, wanakwangua juu ya mchanga utando ule wa kijani na kahawia usioonekana vizuri kwa macho, halafu wanatema mchanga. Kila mmoja anaacha alama ndogo mchangani. Nyuma yao, kwenye kina cha nusu goti, chaa wanasimama wakitazama chini, mdomo unachomoka kama bomba, wanavuta kimnyoo, wanarudi nyuma. Kundi zima halina haraka.

Kisha apande juu ya ukuta atazame chini. Samaki wachanga wapo, wasije watu wakasema hakuna. Lakini sasa wanasafiri. Wamejipanga mstari sambamba na ukuta, wamesogea nje kidogo kwa sababu wimbi linalogonga na kurudi linawayumbisha, na hawainamishi pua. Wakifika kwenye kona ambapo ukuta unakatika, wanasita, wanajikusanya, halafu wanapita kwa pamoja. Pale kwenye kona niliona kolekole wakiwasubiri. Maji yalichafuka ghafla, dagaa na mkizi wakaruka juu, mmoja akagonga mawe. Kolekole hakuhitaji kuwafukuza mbali, kwa maana ukuta ulikuwa umeshamfungia upande mmoja.

Haya mambo mawili ndiyo moyo wa kisa: samaki mchanga mbele ya ukuta anapita badala ya kula, na anapita kwenye kina ambacho adui yake anakiweza. Na kumbuka hata siku ambayo hakuliwa, amekosa mlo wa saa tatu. Samaki wa umri huo hana akiba mwilini. Akila kidogo anakua polepole, na kadiri anavyobaki mdogo ndivyo siku zake za kuwa windo zinavyoongezeka.

Chakula chenyewe kilikwenda wapi

Tuanze na kile ambacho wenye viwanja hukiita uchafu. Maji ya bamvua yakijaa huacha juu ufukweni mstari wa majani ya bahari yaliyokatika, mwani, majani ya mikoko, vijiti. Inua fumba moja la majani hayo yakiwa bado na unyevu. Chini yake kunarukaruka viduduu vidogo vya rangi ya mchanga, kwa makumi, vinatawanyika kwenye vidole vyako. Hao ni jamaa wa kamba, wanaishi kwa kula majani yanayooza. Maji ya bamvua inayofuata yanapofika pale, baadhi yao huzolewa na kuwa chakula. Pamoja nao kuna mabuu ya nzi, sisimizi, wadudu walioanguka kutoka kwenye matawi ya mililana iliyokuwa ikining'inia juu ya maji.

Mbele ya ukuta mstari huo haupo. Majani yanafika, yanagonga zege, yanaelea hapo mpaka maji yapwe, yanaondoka. Hayana pa kukaa. Juu ya ukuta, mahali penye kifusi, pamepandwa nyasi zinazofagiliwa kila asubuhi, na majani machache yanayorushwa juu yakabaki huchomwa moto. Kwa hiyo mlango kati ya nchi kavu na bahari umefungwa pande zote mbili.

Pili, mchanga. Ufuko wenye mteremko huliacha wimbi lipande, lipoteze nguvu, maji yake yazame mchangani. Ukuta wima hulirudisha na nguvu yake, nalo likirudi linachimba. Baada ya muda mchanga laini wa mbele ya ukuta ulipungua, kokoto na vipande vya matumbawe vikabaki, na sehemu ya msingi iliyokuwa imefukiwa ikaanza kuonekana. Minyoo anayoitafuta chaa huishi kwenye mchanga laini. Utando anaoukwangua mkizi huota juu ya mchanga uliotulia. Kokoto zinazobiringishwa kila bamvua hazishiki kimoja wala kingine. Na tope iliyochimbwa huelea, maji yanakuwa mazito, mwanga hauyafikii majani ya bahari vizuri. Kwa hiyo madhara hayakuishia mguuni mwa ukuta.

Haki itendeke pia kwa ukuta. Chaza wameshika kwenye mawe, konokono wapo, na mwani mfupi umeota. Tasi wadogo huja kuukwangua mwani huo, na kwenye nyufa nimeona chewa mchanga. Ghuba haikugeuka jangwa. Kilichotokea ni kwamba wachache wanaopenda jiwe wamepata jiwe, na wengi wanaotegemea mchanga wamepoteza mchanga, katika ghuba ambayo ulezi wake wote ulijengwa juu ya mchanga, tope na majani.

Seattle waliona nini

Mahali ambapo jambo hili limechunguzwa kwa kina ni pwani ya jimbo la Washington, Marekani, kwenye ghuba kubwa ya Puget Sound. Zaidi ya robo ya mwambao wake imezibwa kwa kuta na mawe. Samaki wa huko ni salmoni, ambaye huzaliwa mtoni kisha akiwa mdogo hushuka baharini na kufuata ukingo wa maji mafupi kuelekea bahari kuu. Hana undugu na changu wetu, na maji yake ni ya baridi. Lakini akiwa na urefu wa kidole anaishi kwa masharti yaleyale: maji mafupi, chakula cha ukingoni, adui nje.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliwatazama salmoni wachanga mbele ya kuta za mji wa Seattle na mbele ya fukwe, wakalinganisha na walichokula. Karibu na kuta samaki walisukumwa kwenye kina, na mlo wao ukapungukiwa wadudu na viduduu vya ufukweni. Chini ya magati yenye giza hawakutaka kupita wala kula. Wengine wakachunguza samaki wadogo wanaotaga mayai juu kabisa ufukweni, kwenye kokoto. Palipojengwa ukuta na kuondolewa miti, ufuko ulikuwa mkali zaidi kwa jua na ukavu, na mayai yaliyokufa yakawa mengi zaidi.

Ukuta wa zamani wa mji huo ulijengwa kati ya 1916 na 1934. Walipoujenga upya kuanzia 2013 hawakuweza kuubomoa wauache ufuko, kwa sababu nyuma yake kuna barabara na majengo ya mji mzima. Wakafanya walichoweza: mguuni mwa ukuta wakainua sakafu ya bahari kwa mawe ili samaki wapate njia ya maji mafupi, uso wa ukuta wakaupa mabonde na vishimo ili viumbe vishike, na njia ya watembea kwa miguu iliyo juu wakaiwekea vioo ili mwanga ufike majini. Karibu na hapo, kwenye bustani iliyofunguliwa 2007, walikuwa wameshatengeneza kifuko kidogo cha mchanga, na salmoni wachanga wakakitumia.

Nimeutaja mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza unaonyesha kwamba tunachokiona Mikindani kwa macho kimepimwa kwingine na kikawa kweli. Pili, ambayo naiona nzito zaidi: wale walilipa fedha nyingi sana kurudisha utepe wa maji mafupi ambao sisi bado tunao bure karibu kila mahali.

Lakini nyavu je?

Swali hili liliulizwa kwenye mkutano uliotukutanisha sisi, kina mama wa uduvi na mwenye kiwanja, na lilikuwa la haki. Samaki wachanga wa ghuba hii wana maadui wengi wasio ukuta. Kuna juya linaloburuzwa juu ya majani, kuna vyandarua, kuna mikoko inayokatwa kwa kuni na nguzo, na kuna miaka mingi ya baruti iliyovunja matumbawe ya mikoa ya Mtwara na Lindi. Mtu anayelaumu ukuta kwa kila kapu tupu atakuwa anawafichia wengine.

Tulichoweza kutenganisha ni hiki. Kina mama waliokuwa wakitanda uduvi kwa shuka pale mbele ya kiwanja wameacha kabisa kutanda hapo, ila bado wanatanda kwenye mchanga wa mitumbwi, umbali mfupi tu. Ni shuka zilezile, mikono ileile, msimu uleule. Kama juya na vyandarua ndivyo vilivyomaliza uduvi, vingemaliza pande zote mbili. Uduvi huja kwa wingu kwenye maji ya magotini, na mbele ya ukuta maji ya magotini hayakai muda wa kutosha mtu kutandaza shuka. Bibi mmoja aliyetanda pale tangu usichana wake alilieleza hilo mbele ya mkutano, mwenye kiwanja akiwa amekaa benchi la mbele.

"Bibi yangu, shikamoo. Mimi sikujenga kumzuia mtu kupita," mwenye kiwanja alisema.

"Marahaba, baba. Kupita tunapita. Hakuna cha kutanda."

Mkutano ulikaa kimya kidogo, kisha mazungumzo yakaanza kuwa ya maana.

Tulichoamua

Sheria ilikuwa wazi kuliko watu walivyodhani. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ya mahali hapo. Mikoko ya pwani ya Bara nayo ni msitu wa hifadhi, haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Kungekuwa na njia ya kwenda mbali zaidi kwa mkono wa sheria. Binafsi naamini tulifanya vema kuanza na makubaliano, kwa sababu kubomoa ukuta wote kwa pamoja kungeachia kifusi chote cha nyuma kimwagike juu ya majani ya bahari, nasi tungekuwa tumeongeza tope juu ya hasara.

Kipande cha mwisho cha ukuta, upande wa kijito cha mikoko, ndicho kilichokuwa kibaya kuliko vyote. Ukuta unapokatika ghafla, nguvu ya wimbi hugeukia jirani, na kweli njia ya watu kwenda pwani ilikuwa imeanza kulika hapo. Tena kipande hicho kilisimama katikati ya samaki wanaotoka mchangani na mikoko wanayoikimbilia maji yakijaa. Mwenye kiwanja alikubali kukiondoa, kifusi kikachotwa kwanza na kupelekwa juu, na ukingo ukalazwa kwa mteremko wa mawe yaliyofunikwa mchanga. Majani yanayotupwa na maji hapo yaachwe, yasifagiliwe. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kueleweka kuliko kuvunja zege, na mlinzi wa kiwanja ilibidi aonyeshwe wale viduduu kwa mikono yake ndipo akaweka ufagio chini.

Sehemu kubwa ya ukuta imebaki. Pendekezo langu, na nitaendelea kulisema, ni kumwaga mawe mguuni pake kwa mteremko wa taratibu, ili maji yakijaa pawepo tena pa kina cha kifundo. Si sawa na ufuko. Mawe hayatarudisha minyoo. Yatarudisha njia tu, na njia ni kitu kwa samaki anayejaribu kufika kijitoni bila kuliwa.

Jirani wa upande wa mitumbwi naye alikuwa ameshapiga vigingi vyake, sambamba kabisa na ukuta uliopo, mawe yamekwisha kununuliwa. Hatukubishana naye. Tulimwomba aje aone vigingi vyake saa kumi alasiri siku ya bamvua. Alikuja na fundi wake, wakavikuta ndani ya maji hadi mapajani, mkizi wanapita juu yake upande wa nchi kavu. Fundi ndiye aliyesema kwanza kwamba ukuta ukirudishwa nyuma ya mstari wa majani makavu utakuwa mfupi, utatumia mawe machache, na bahari itaugusa siku za dhoruba tu, yaani siku ambazo unahitajika. Vigingi vilihamishwa jioni ileile.

Miche ya mililana ilipandwa pande zote mbili. Wengine walitaka kuchomeka mikoko ya kawaida kwa sababu mbegu zake ndefu ni rahisi kupata, lakini mkoko wa aina hiyo haupendi kusimama mbele kwenye mchanga unaopigwa na wimbi, na tumeona sehemu nyingi zilizopandwa hivyo zikifa. Mililana iliyoshika ni ile ya upande wa kijito, kwenye tope, karibu na kipande kilichovunjwa. Mbele ya ukuta uliobaki haukushika hata mche mmoja, na hapo hatutapanda tena mpaka mawe ya mguuni yawekwe na mchanga uanze kurudi.